Mama Pasi na Bwawa la Machimbo

Ndugu, majirani na nyote mliotusindikiza hadi hapa, mimi mdogo wake marehemu nimetumwa na familia niwasomee habari zake. Sauti ikikatika, mtanivumilia.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa baba yetu, seremala, na mama yetu, mkunga. Tangu utotoni aliogopa maji. Akiogeshwa, ya mwilini aliyavumilia, lakini akimwagiwa ya kichwani alitoroka na povu lake machoni hadi kwa jirani. Mama alikuwa akiuliza, "Huyu nimemzaa, au niliazima kwa paka?"

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1968 hadi 1974. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Mwalimu wake wa hesabu alisema mtoto yule hana haraka, ila haachi. Alitamani sekondari, lakini mwaka uleule msumeno ulimkata baba mkono, na nafasi ikapita.

Mwaka 1979 aliajiriwa kuwa dobi katika chuo cha ualimu, akafua na kunyoosha mashuka ya mabweni hadi alipostaafu mwaka 2021. Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma ya jiko, sakafu imelowa mwaka mzima, na dirisha lake moja lilitazama bwawa la kuogelea la wanachuo. Huko ndiko alikopewa jina la Mama Pasi, maana hata taulo hakuliacha na kunyanzi.

Tarehe 21 Desemba 1985 aliolewa na shemeji yetu, fundi bomba. Watu walicheka sana: mwoga wa maji kampata mwenye maji! Shemeji akawajibu, "Mimi kazi yangu kuyaziba." Walijaliwa watoto wawili, wa kiume na wa kike.

Yule wa kiume, kifungua mimba wao, alizama tarehe 12 Aprili 2003 kwenye machimbo ya kokoto yaliyoachwa wazi na kujaa maji ya mvua. Alikwenda kuoga na wenzake, na kati yao hakuna aliyejua kuogelea. Dada alifika ukingoni mwanawe akiwa bado hajatolewa. Alisimama pale na viatu miguuni, asiweze kuingia hata hadi magotini. Baadaye watu walimwambia asijilaumu, kwamba hata angeingia asingeweza kitu.

Mwaka mzima alifanya kazi, akapika, akalala. Kisha siku moja, shemeji akiwa anafunga koki ya jikoni, dada alimwambia, "Baba, nataka kujua kuogelea."

"Kuogelea wapi?"

"Pale pale. Nivuke hadi ng'ambo."

Shemeji aliweka spana chini. "Mke wangu, nimeshazika mmoja."

"Ndiyo maana nataka nifundishwe kwanza."

Kocha wa chuo alikubali kumfundisha kila Jumanne baada ya kazi. Siku ya kwanza dada alishika ukingo wa bwawa la chuo, akiitazama ng'ambo ya pili. Kocha akamwambia, "Mama, lengo usiliweke kule, litakutisha. Liweke puani. Leo tunazamisha pua tu, halafu unakwenda zako nyumbani." Pua peke yake ilichukua mwezi. Wanachuo walipita wakicheka; wengine mashuka yao alikuwa ameyanyoosha asubuhi ileile.

Mara mbili aliacha. Mara ya kwanza alinywa maji akadhani anakufa. Mara ya pili hakikutokea kitu chochote, aliamka tu akaona ni upuuzi mtupu. Aliporudi nilimuuliza, "Dada, hiyo hamu unaitoa wapi?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Hamu ilikwisha zamani. Nakwenda kwa sababu leo ni Jumanne."

Asubuhi ya tarehe 9 Septemba 2006 alivuka bwawa la machimbo. Kocha aliogelea ubavuni pake akivuta mpira wa gurudumu la lori uliojazwa upepo, na sisi tulizunguka kwa miguu kumpokea. Alipotoka tulipiga makofi. Yeye alikaa kwenye mawe, maji yakimchuruzika, akageuza macho huku na huku. "Kumbe hakuna kitu huku," alisema. "Ni mawe tu." Shemeji alimfunika shuka, wakarudi nyumbani.

Tulidhani atapona. Badala yake alilala wiki nyingi ameelekea ukutani, na sisi hatukumwelewa. Kilichomwinua ni mpishi wa chuo, aliyekuja kumwomba amfundishe binti yake kuogelea. Dada akauliza, "Anaogopa?" Mpishi akasema anaogopa sana. "Basi mlete Jumanne." Tangu hapo alifundisha watoto wa wafanyakazi wengi, akianza na pua. Aliomba pia machimbo yale yawekewe uzio. Alikwenda ofisi hii na ile, akaahidiwa, akarudi tena. Watoto wengine wawili wamezama humo tangu siku hizo. Uzio haujajengwa hadi leo tunapomzika.

Mwezi Februari mwaka 2024 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Wodini alijipangia kufika dirishani. Aliposhindwa, kukaa kitini. Aliposhindwa, kumeza vijiko vitatu vya uji. Mwishoni alimwambia muuguzi anataka jambo moja, kuwa macho binti yake atakapofika kutoka safarini. Binti alifika mchana, kavimba miguu kwa kukaa garini. Dada alifungua macho akamuuliza, "Umekula?"

"Nimekula, mama." Hakuwa amekula.

Alfajiri iliyofuata, Alhamisi tarehe 6 Juni 2024, dada alituacha.

Ameacha mume, binti mmoja, wajukuu watatu, na sisi wadogo zake. Ameacha pia watoto aliowafundisha, waliosimama pale nyuma kwa sare za shule, ambao hakuwazaa ila leo wameomba waje.

Mungu ampokee dada yetu, naye apumzike kwa amani. Kazi aliyojipa imetosha.