Erundina, Aliyeipa Santiago Mgongo

Wasikilizaji wapendwa, leo sina muziki wa kufungulia kipindi. Erundina Couso amefariki. Amefariki Alhamisi iliyopita, hospitalini Lugo, akiwa na miaka sitini na tisa. Cheti kinasema nimonia. Mimi nitawaambia na yale ambayo cheti hakisemi.

Wengi wenu mlimjua kwa macho. Yule mama wa koti la mvua la kijani, kamba mkononi, mbwa mbele. Mishale yote ya njano kwenye njia yetu ya mahujaji inaelekea magharibi, Santiago, kwenye kaburi la Mtakatifu Yakobo. Erundina alikwenda mashariki. Mahujaji walimwonea huruma. "Mama, umepotea! Santiago iko huku!" Naye aliwajibu bila kusimama: "Santiago haihami, mwanangu. Huyu ndiye anayetaka kwenda kwao."

Kwa wewe uliyefungua redio sasa hivi, tunamkumbuka Erundina Couso. Alirudisha mbwa makwao. Kwa miguu. Miaka ishirini na tano.

Alizaliwa kijijini, si mbali na Melide, akakamua ng'ombe tangu mikono yake ilipoweza kushika chuchu. Mbwa wa kwanza kupotea alikuwa wake mwenyewe, Ligeiro. Ilikuwa 1999, mwaka mtakatifu, njia imefurika watu kama siku ya gulio. Mahujaji wawili wakampa Ligeiro soseji. Mbele kidogo wakampa nyingine. Mbwa gani angerudi? Huku kwetu mbwa hufunguliwa asubuhi, akazunguka, akarudi mwenyewe kula. Mgeni akimwona hana kamba wala mtu, anadhani ametupwa. Wale wawili walifika naye Santiago, wakampandisha ndege.

Erundina aliuliza bweni hadi bweni, kote wanakolala mahujaji, mpaka barua yake ikawafikia. Wakamjibu kwa upole sana. Wakatia na picha, Ligeiro kavishwa skafu shingoni, na chini yake wameandika kwamba wamemwokoa.

Dada yake mkubwa, Dosinda, anaikumbuka siku ile. "Aliishika ile picha akaniuliza, 'Wamemwokoa kutoka kwa nani, Dosinda? Kutoka kwangu?' Nikamwambia ale."

Basi akaanza. Kila mbwa aliyefuata mahujaji mpaka huku kwetu, alimchukua yeye na kumrudisha. Hakuwapa majina. Wote aliwaita Mzee, hata watoto. "Jina analo kwao," alisema. Wala hakuwapakia gari. Dosinda alimsuta miaka yote: "Wewe mwanamke, omba lifti, ufike leo, urudi unywe supu yako!" Erundina akajibu: "Garini ananusa petroli tu. Ardhini ndipo anaposoma. Akikaribia kwao kamba inakaza, nami najua mlango ni upi."

Shikeni hilo, wasikilizaji. Kamba inakaza. Ndivyo alivyozipata nyumba, na si kwa njia nyingine.

Huko njiani hakunyamaza. Alimteremsha mtu mzima na mizigo yake kutoka kwenye punda mwenye kidonda mgongoni, mbele ya wenzake, akamwambia, "Ulikuja kutubu wewe au punda?" Kila Agosti, sikukuu ya Mtakatifu Roko, padri alimwonyesha mlango wa kutokea yeye na mbwa wake. Mwaka mmoja akainua kidole kwenye sanamu juu ya madhabahu, Roko na mbwa wake mwenye mkate mdomoni. "Padri, na yule aliingia kwa ruhusa ya nani?" Kanisa zima liliinamisha vichwa, mabega yanatikisika. Padri naye alicheka. Lakini mbwa alibaki nje.

Na sasa Machi 2010. Kikao cha baraza la mji. Erundina alisimama, kitambaa kichwani, akaomba kitu kimoja: kila bweni litenge chumba kimoja chenye majani makavu, kwa mtu mwenye mbwa. Si kitanda. Majani. Mheshimiwa mmoja akamjibu, "Bibi, hujaji ni mtu." Ukumbi ukacheka. Mwaka huohuo baraza lilisimamisha sanamu ya shaba kando ya barabara, hujaji na mbwa wake, ili watalii wapige picha. Nilikuwemo ukumbini. Namkumbuka kila aliyecheka, na alikuwa amekaa kiti gani.

Nafika kwenye safari ya mwisho. Mwezi huu wa Februari. Mbwa wa kahawia, mzee, sikio moja limechanika, aliletwa Melide na wasichana wawili mahujaji. Walikuwa na picha ya mahali alipoanza kuwafuata: chemchemi ya mawe, vilima vya juu ya Triacastela. Zaidi ya kilomita themanini, nyuma, kupanda. Dosinda alimzuia mlangoni. "Kuna theluji huko juu, na wewe una kifua." Erundina akavaa koti. "Yeye naye ana kifua," akasema.

Siku ya tatu mvua iliwakuta. Akagonga bweni. Mwenye bweni akamwambia yeye aingie, mbwa hapana. Akaomba ghala la kuni. Hapana, kanuni. Erundina hakuwahi kumwacha mbwa nje akalala ndani. Akaenda kujikunja kwenye baraza ya kanisa, mbwa kifuani. Asubuhi aliendelea kutembea. Siku mbili zaidi alitembea, mpaka miguu ikakataa, akaanguka ng'ambo ya Sarria. Waliomwokota walisema mwili ulichemka, lakini kamba ilikuwa imezungushwa mara mbili kwenye kiganja.

Hospitalini alimwambia Dosinda maneno machache. "Bado haijakaza. Mfikishe." Baada ya siku tano akafariki.

Tulimzika Jumamosi. Jumatatu nikamchukua Dosinda na yule mbwa kwa gari hadi pale alipoangukia ndugu yake. Kutoka pale tulitembea. Dosinda ana miaka sabini na minne na goti bovu, na kamba hakunipa hata mara moja. Siku ya pili, juu ya Triacastela, tuliipita chemchemi. Kamba ikakaza. Dosinda akapiga kelele, "Inakaza! Inakaza, Mama Mtakatifu!" Akawa anakimbia na lile goti lake, analia na kucheka.

Mbwa alitupeleka kwenye nyumba ya mawe, akalala kizingitini. Mlango una kufuli. Dirishani kibao: inauzwa.

Jirani akatoka, ndoo mkononi. "Huyo ni Canelo," akasema. "Mbwa wa Eladio. Eladio tulimzika Novemba. Watoto wako Barcelona, walikuja siku mbili, wakafunga, wakaondoka. Mbwa alikaa hapo hapo mlangoni. Nilikuwa namtupia mkate. Halafu wakapita wasichana fulani."

Mnanielewa, wasikilizaji wapendwa? Safari hii wageni hawakukosea. Mbwa kweli alikuwa ametupwa, na sisi ndio tuliomtupa. Erundina alikufa akimrudisha kwenye nyumba isiyo na mtu.

Dosinda alikaa kizingitini karibu na mbwa. Kisha akasimama kwa kujishika ukutani. "Haya, Canelo. Umeona mwenyewe. Twende kwetu, kuna supu." Mbwa hakutaka. Ilibidi nimbebe mpaka chemchemi. Toka hapo akatembea, kichwa chini, tukifuata mishale.

Pole sana, Dosinda. Pole kwa ukoo wote wa Couso, na pole kwako, Canelo, usiyejua nini kimetokea. Wasikilizaji, leo mtazameni mbwa wenu. Akifuata soseji ya mtu, nani atajua kwao? Mwandikieni jina shingoni. Na wazee wetu walioachwa peke yao vilimani, waulizeni wangali hai: ukiondoka, huyu mbwa anabaki na nani?

Na wewe mwenye bweni. Najua unanisikiliza. Sikutaji jina, leo ni siku ya msiba. Niliomba nione daftari lako la wageni la siku ile ya mvua, na mfanyakazi wako akanionyesha. Vitanda kumi na vinane, wageni wanne. Vile kumi na vinne ulikuwa unamwekea nani?