Fortunata Aloyce Shirima, 1983–2025: Aliyeiamini Njia ya Haraka

Tunayemuaga leo hapa Dubai, kabla ya kusafirishwa kesho kwenda kulazwa nyumbani Rombo, ni Fortunata Aloyce Shirima. Wengi wenu mlimwita Fortu, wengine Mama Phyllis. Alizaliwa Jumapili, tarehe 14 Agosti 1983, katika kijiji cha Mashati, wilaya ya Rombo, mkoani Kilimanjaro. Alikuwa wa pili kati ya watoto watatu wa marehemu Mzee Aloyce Shirima na marehemu Mama Perpetua. Wa kwanza alikuwa kaka yao Elias, na wa mwisho ni Anna, anayewasomea maneno haya.

Mzee Aloyce alifariki mwaka 1992, Fortunata akiwa darasa la pili. Elias alikuwa ndiyo kwanza amemaliza la saba. Hakuendelea na masomo. Alianza kuvusha ndizi na maparachichi mpaka soko la Loitokitok, upande wa Kenya, ili wadogo zake wasome. Fortunata alimaliza Shule ya Msingi Mashati mwaka 1997, akafaulu kwenda sekondari ya bweni. Elias alimnunulia viatu vyeusi vilivyomzidi namba mbili, ili avae mpaka kidato cha nne. Fortunata alijaza majani makavu ya mgomba kwenye ncha, na kila alipotembea vilipiga kelele. Wenzake wakamwita Farasi, naye akawa anaitika. Alipofika kidato cha tatu alimwandikia kaka yake barua ya mstari mmoja: "Kaka, viatu vimenitosha leo." Elias aliitunza barua hiyo kwenye Biblia yake.

Baada ya kidato cha nne, mwaka 2001, Fortunata alisomea mapokezi ya hoteli mjini Arusha, akafanya kazi huko miaka sita. Tarehe 12 Juni 2009 alitua Dubai. Mkataba ulisema hoteli. Alipofika, kazi ikawa kusafisha mabweni ya wafanyakazi kule Dubai Investments Park. Hakuwaambia nyumbani. Chumba alichopangiwa kilikuwa na vitanda sita, na kwenye kile cha chini yake alilala Dorah, msichana Mkenya kutoka Kakamega. Walipikiana, wakasukana, wakalipiana nauli. Fortunata alipopata kazi ya mapokezi ya hoteli mwaka 2012 hakumsahau. Alikuwa akimwambia Anna kwenye simu, "Huku nina ndugu mmoja, jina lake Dorah."

Kwenye hoteli hiyo ndipo alipokutana na Hesbon Nyakundi, mlinzi wa lango la nyuma, mwenyeji wa Kisii. Hesbon anakumbuka kwamba miezi minne ya kwanza Fortunata alimjibu neno moja tu, "Salama." Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 22 Novemba 2014, kanisani Oud Metha, na Dorah ndiye aliyesimama naye. Mungu akawajalia binti mmoja, Phyllis, mwaka 2016. Wakahamia Al Jaddaf, chumba kimoja na jiko la kushirikiana.

Mwaka 2017 Fortunata aliajiriwa na kampuni moja ya uanachama wa njia ya haraka uwanja wa ndege. Familia imeamua kutoitaja jina. Mtu analipa ada ya mwaka, anapewa kadi, na siku ya safari anapokelewa mlangoni na kupitishwa kwenye ukaguzi kwa mstari wake peke yake, pembeni ya foleni ya watu wote. Fortunata alikuwa mpokezi, na aliipenda kazi hiyo. Mwaka uliofuata alimwombea Dorah nafasi pale pale, akamfundisha mwenyewe mpaka namna ya kufunga kilemba cha sare.

Wengi mliomo humu mlinunua kadi hiyo kwa mkono wake. Ada yake ilikaribia mshahara wa mwezi mzima wa msichana wa kazi za ndani, na mlimuuliza, kwa haki kabisa, kama inafaa kwa mtu anayesafiri mara moja kwa miaka miwili. Jibu lake lilikuwa lile lile kila mara: "Matajiri wananunua ili wasichoke. Sisi tukikimbilia ndege, mara nyingi kuna mtu amelala kitandani kule nyumbani, na madam amekupa siku nne tu. Nani anaihitaji kuliko sisi?" Alikuwa hawadanganyi. Aliamini. Yeye mwenyewe alijinunulia kadi kama mwanachama mwingine yeyote, kwa kuwa kitambulisho cha kazi hakikuruhusiwa kwa safari binafsi.

Alhamisi, tarehe 21 Desemba 2023, Fortunata alikuwa likizo. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi wifi yake Yuliana, mke wa Elias, alipiga simu kutoka hospitali mjini Moshi. Moyo wa Elias ulikuwa umechoka. "Wifi, anakutaja wewe," Yuliana alisema. "Anasema ana neno na wewe. Njoo." Hesbon alipata tiketi ya ndege ya saa nne na nusu iendayo Kilimanjaro. Ilipofika saa mbili na nusu Fortunata alikuwa amemaliza mizigo na pasipoti, amesimama kwenye foleni ya kawaida ya ukaguzi. Ilikuwa ndefu, wiki ya Krismasi, lakini ilikuwa inasogea. Nyuma yake alisimama Shamira, dada wa Moshi anayefanya kazi saluni huko Deira, ambaye zamani aliikataa kadi.

Hapo Fortunata akaikumbuka kadi yake. Alimwachia Shamira nafasi. "Pita tu, mdogo wangu. Mimi nina njia."

Kwenye mstari wa wanachama alimkuta Dorah akiwa zamu. Fortunata alifurahi kumwona. Alimweleza habari ya kaka yake, machozi yakimtoka. Dorah alimshika mkono, akamwambia, "Pole sana, Fortu. Leo kuna wageni wa meneja, sir Waleed, wanapita. Ngoja hapa dakika kumi, nitakupitisha mimi mwenyewe."

Akangoja. Baada ya dakika kumi aliuliza, akaambiwa bado kidogo. Wageni walipita kwa makundi, na watoto wao, na yaya wao. Aliuliza tena. "Bado kidogo, dada, karibu." Zikapita dakika hamsini. Hakuondoka, kwa sababu aliyemwambia angoje alikuwa Dorah. Mwishowe alikimbilia foleni ya kawaida, akakaa mkiani. Alifika geti saa nne na dakika ishirini na mbili. Kupitia kioo aliwaona abiria wa mwisho wakipanda ngazi, na mmoja wao alikuwa Shamira. Mlango ulikuwa umefungwa.

Ndege ile ilitua saa tisa alasiri. Elias alifariki siku hiyo hiyo saa moja jioni, akili zake zikiwa timamu. Yuliana anasema mara ya mwisho aliuliza saa kumi na mbili, "Fortu hajafika tu?" Fortunata alifika tarehe 23, akawahi maziko. Neno ambalo kaka yake alitaka kumwambia hakuna anayelijua, kwa kuwa Elias hakumwachia mtu mwingine.

Aliporudi kazini Januari alikuwa bado anamtetea Dorah. Alimwambia Hesbon kwamba foleni ni foleni na bahati mbaya haina mwenyewe. Kisha akafungua kundi la WhatsApp la kazini kusoma zilizompita wakati wa likizo. Ujumbe wa meneja Waleed ulikuwa wa saa kumi na moja alfajiri ya siku ile. Wenye kadi za kawaida, zile za ada ya chini kama ya Fortunata, wasipite kabla ya saa tano. Wasirudishwe foleni ya kawaida, wasije wakalalamika mbele ya wageni. Waambiwe wasubiri. Chini yake majina manne yalikuwa yamejibu kuwa wameelewa. La pili lilikuwa la Dorah.

Fortunata alimkuta chumba cha kubadilishia nguo. Hakupandisha sauti. Haya yanayofuata Dorah ndiye aliyeyasimulia.

"Ulijua?"

"Fortu, ningefanya aje? Visa yangu iko kwao. Niko na watoto wawili shule."

"Ulijua tangu alfajiri kwamba sitapita?"

"Nilidhani wageni wataisha mapema. Nilikuwa nataka kukusaidia."

"Ungeniambia rudi kwenye foleni. Maneno matatu, Dorah. Hata kwa jicho ungeniambia, ningeelewa."

Fortunata alimaliza kufunga kilemba chake, akaenda kwa Waleed. Meneja alimpa pole, akamtolea masharti ya uanachama, akamwonyesha kwa kalamu kifungu kinachosema huduma hutolewa kulingana na nafasi. Kifungu hicho kilikuwa kimebadilishwa mwaka uliotangulia. Wapokezi hawakuambiwa, wakaendelea kuuza kwa maneno ya zamani.

"Basi mliniacha niwadanganye watu wangu," Fortunata alisema.

"Hukudanganya. Hawakusoma," Waleed akamjibu.

Kuanzia hapo kila siku yake ya mapumziko aliitumia kwenda kwa walionunua kadi kwake. Alienda Deira, Al Quoz, akarudi mpaka mabweni aliyoyasafisha zamani. Wengine walicheka, wakasema kadi iliwahi kuwafaa. Naye alikubali: mara nyingi ilimpitisha mtu vizuri. Lakini alipoanza kupima muda kwa simu yake, wiki tatu mfululizo, aliona kwamba siku za kawaida tofauti ya mistari ile miwili ilikuwa dakika nne au tano, na siku za msongamano, ambazo ndizo mtu analipia, kadi hizo za kawaida ndizo zilizowekwa kando. "Siku huna haraka wanakupitisha kama bibi harusi," aliwaambia. "Siku yako yenyewe ikifika, unaambiwa soma masharti. Mwakani msilipe."

Bi. Hilwa, mama wa Kiunguja anayeishi Deira, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Mwanangu, mie sikununua kwa sura yao. Nilinunua kwa sura yako." Fortunata alirudi Al Jaddaf akalia kuliko alivyolia kwenye maziko ya kaka yake. Anna, ambaye naye alikuwa ameshakuja Dubai kufanya kazi za ndani, alikuwepo. Na yeye alikuwa na kadi ile.

Mwishoni mwa Februari 2024 kampuni ilimwachisha kazi kwa kuharibu biashara. Alipata nafasi ya mapokezi kwenye zahanati ya meno karibu na nyumbani, akaifanya vizuri. Mwezi Septemba mwaka huo tumbo lilianza kumsumbua, na Novemba madaktari walithibitisha kansa ya ovari. Alipasuliwa, akapewa dawa, akapata nafuu iliyomwezesha kumpeleka Phyllis Komunyo ya Kwanza Mei mwaka huu. Kuanzia Agosti hakuinuka tena. Hesbon alibadilishana zamu na wenzake ili Fortunata asibaki peke yake mchana, na Anna alishika siku alizoruhusiwa na madam wake, ambaye familia inamshukuru.

Wiki mbili kabla ya mwisho, Dorah alikuja hospitali na chupa ya uji wa wimbi, ulezi wa kwao, Hesbon na Anna wakiwapo. Walikuwa hawajazungumza tangu chumba kile cha nguo. Fortunata aliunywa uji wote. Aliuliza habari za watoto wa Dorah kwa majina yao, mmoja mmoja. Kisha Dorah akapiga magoti kando ya kitanda, akaanza kusema yaliyomleta. Fortunata alimgusa bega.

"Khalas, Dorah," alisema. "Khalas." Akafumba macho, akageukia dirishani.

Fortunata alifariki Jumamosi, tarehe 11 Oktoba 2025, saa tatu asubuhi, Hesbon akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na miwili.

Dorah yumo humu kanisani. Ni yeye aliyeomba kwamba yaliyotokea yasomwe kama yalivyotokea. Aliomba pia jambo la pili, kwamba tuandike kuwa alisamehewa. Tulikaa kama familia juzi. Neno lile sote tulilisikia, nasi tumeishi huku muda wa kutosha kujua kwamba khalas huweza kuwa yameisha, na huweza pia kuwa nyamaza. Hesbon akasema, "Mimi nilikuwa hapo na sijui. Kitu sijui siwezi kuweka kwa kitabu cha mazishi yake." Kwa hiyo hatukuandika kwamba alisamehe, wala hatukuandika kwamba alikataa.

Fortunata ameacha mume, Hesbon Nyakundi. Binti, Phyllis, mwenye miaka tisa. Mdogo wake, Anna. Wifi yake, Yuliana, na watoto watatu wa kaka yake. Wakwe zake kule Kisii, na ninyi mliompenda.

Mungu ampe sasa amani ambayo miaka hii miwili hakuipata, na amlaze mahali pema.