Athol Cradock na Meza ya Kando ya Kitanda cha Noreen

Ndugu, majirani, na nyote mliotoka na baridi hii, asanteni. Shemeji yangu Noreen ameniomba nisome maisha ya kaka yangu. Mimi ni Lew, mdogo wake, yule asiyekaa mahali pamoja. Nikipotea njia katikati, Janine, binti yake, atanivuta koti.

Athol James Cradock alizaliwa tarehe 9 Agosti 1941 pale Glen Huon, Tasmania, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa Walter na Ida Cradock. Baba alikuwa na shamba la matufaha. Mama alikuwa akisema siku ile theluji ilishuka mlimani mpaka kwenye mstari wa mwisho wa miti yetu, ikasimama hapo, kana kwamba imekuja kumtazama mtoto.

Alianza shule ya kijijini mwaka 1947, akatoka 1955 akiwa na miaka kumi na minne. Hakuwa mtu wa vitabu. Siku moja mwalimu alimkuta amelitengeneza dawati lake lililokuwa likiyumba. Alimchapa kwanza kwa kuleta patasi darasani, halafu akamwonyesha madawati mengine sita.

Mwaka 1956 aliajiriwa katika kiwanda cha kupasua mbao, na 1961 akahamia kwa wajenzi wa mashua huko Franklin. Ndiko alikoujua msonobari wa Huon, mbao ya manjano yenye harufu ambayo hakuna aliyekulia kwenye bonde hili anayeikosea. Mwaka 1972 alipata ubao mmoja kutoka gogo lililoletwa na mafuriko, akaulaza juu ya boriti za dari, ungoje mashua yake mwenyewe. Mashua hakuijenga. Tangu 1974 alifanya kazi katika karakana yake nyuma ya nyumba, Castle Forbes Bay. Wengi wenu leo jioni mtakula juu ya meza zake.

Alimwoa Noreen Pybus Jumamosi tarehe 12 Novemba 1966. Miezi mitatu baadaye ule moto mkubwa wa msituni wa Februari uliiteketeza nyumba yao, wakabaki na nguo za mwilini na msumeno mmoja uliokuwa umeazimwa na jirani. Athol alijenga nyumba nyingine, akachonga kitanda. Upande wa Noreen aliweka sanduku la matufaha kwa muda tu, mpaka apate nafasi ya kumtengenezea meza. Sanduku hilo lilikaa pale miaka hamsini na mbili.

"Mke wa fundi," Noreen alikuwa akiwaambia wageni. "Njooni muone samani zangu."

Kuanzia 2014 macho ya Noreen yalififia, mpaka akabaki kuona mwanga na kivuli. Usiku alipotaka maji alinyoosha mkono, na Athol alikuwepo kumpa glasi. Tarehe 12 Machi mwaka huu, daktari wa Hobart alimwambia Athol ana saratani ya kongosho na hatamaliza baridi hii. Hakuuliza habari zake mwenyewe. Aliuliza mke wake atakwenda wapi.

Nafasi ilipatikana katika nyumba ya kutunzia wazee, ya kuingia Jumatatu tarehe 3 Juni. Tulikwenda kukitazama chumba, sisi wanne. Kando ya kitanda kulikuwa na meza ya chuma yenye magurudumu. Noreen alinyoosha mkono kutafuta glasi, meza ikateleza, glasi ikaanguka ikavunjika. Alisimama pale na mkono hewani. Tulipofika nyumbani Athol akaniambia, "Lew, shusha ule ubao."

Alianza Jumatatu ya Pasaka, tarehe 22 Aprili. Miguu na uso wa meza alivitoa katika mbao ngumu ya mgunga mweusi: miguu minene isiyosukumika, na uso wenye ukingo wa kuzuia vitu visidondoke. Ubao wa Huon ulitosha droo moja tu, bila akiba. Noreen hangeweza kuiona meza, lakini akivuta droo, harufu ingemwambia yuko wapi. Meno ya kona za droo, yale yanayopanuka kama mkia wa njiwa ili yashikane, Athol aliyakata mwenyewe, na yalipoingiana hayakuacha pa kupitisha unywele.

Jumamosi tarehe 11 Mei alikuwa hoi, akaniachia gundi. "Mbao hii ina mafuta yake," aliniambia. "Ifute kwa spiriti, upake gundi hapo hapo. Ukingoja, mafuta yanarudi juu na gundi haishiki. Umesikia?"

Nilisikia. Niliifuta vizuri. Halafu shemeji akaita kwamba chai iko tayari, na kulikuwa na keki ya tangawizi.

Jumatatu Athol alikuja akimwegemea Janine, akaketi, akaomba droo. Aliigonga kwa kifundo cha kidole. Akashika pande mbili za kona, akavuta kidogo tu, nayo ikaachana mikononi mwake bila hata kelele.

"Ulifuta?"

"Nilifuta."

"Lini?"

"Kabla ya chai."

"Na gundi?"

Nikatazama viatu vyangu. "Baada ya chai."

Alicheka mpaka akakohoa. "Mzembe wewe! Miaka yote hii nakujua, na bado nakuacha peke yako na birika."

Nikasema labda tutie vijisumari.

"Msumari? Kwenye mbao hii? Basi nizike na nyundo, nitoke nikupige nayo."

Lakini alikuwa ameshaacha kucheka. Aliitazama kalenda mlangoni, tarehe 3 Juni imezungushiwa wino. Katika baridi ya Mei kila mkono wa mafuta ya kupaka, yaani kila tabaka, huchukua siku tatu nne kukauka, na mikono ilikuwa mitatu. Na kabla ya hapo, gundi ya zamani ilipaswa kutoka kwenye kila jino bila kuondoa mbao yenyewe. Ukizidisha kidogo, kona inacheza, na ubao mwingine hakuna.

"Nifanye mimi?" nikauliza.

"Wewe nishikie kiwiko."

Dawa ilimtetemesha mikono, na ilipoisha nguvu maumivu yalirudi; katikati ya hayo alikuwa na nusu saa kila asubuhi. Alifanya kazi asubuhi nne. Sikuwahi kuona nusu saa fupi kama zile. Janine alisimama mlangoni na saa, akisema, "Baba, dakika tano," naye anajibu, "Sijakuuliza." Asubuhi ya nne, kwenye jino la mwisho, patasi iliteleza, kibanzi kikainuka ukubwa wa ukucha. Alikirudisha kwa kidole gumba, akakikandamiza, jasho linamtiririka na nje kuna jalidi.

"Hakitaonekana," nikasema.

"Noreen atakigusa. Atajua ni mimi."

Ijumaa tarehe 17 tuliingia karakana wazee watatu. Athol akafuta, mimi nikapaka, na Noreen akahesabu kwa sauti ili tusipitishe dakika tatu. Alipofika tisini mkono wa Athol ulikufa ganzi, kitambaa kikaanguka.

"Mia moja na mbili," Noreen akasema. "Mbona kimya? Athol? Mia moja na nne."

"Hesabu tu, mama. Lew, okota kitambaa. Kona ya mwisho, futa wewe."

Nilifuta, nikapaka, tukagonga kona zikaingia, tukakaza vibanio. Noreen alikuwa kwenye mia moja sabini na moja.

"Haya," Athol akasema. "Sasa kanywe chai."

Jumapili tulifungua vibanio. Athol hakuigusa droo. Alimpa Noreen. Noreen akaishika kwa mikono miwili, akaipinda kwa nguvu kama anayekamua nguo. Nilifumba macho. Haikulia. Akapitisha kidole kwenye kona mpaka akakipata kile kibanzi, akatua hapo. Halafu akaingiza uso wake wote ndani ya droo.

"Imechelewa miaka hamsini na mbili," akasema, sauti ikitokea humo ndani. "Lakini ni nzuri."

Mchana huohuo tulipaka mkono wa kwanza wa mafuta, na Jumatano tarehe 22 wa pili. Athol alikuwa kitandani, lakini aliagiza aletewe kitambaa akinuse, ajue sikuzidisha. Alfajiri ya Alhamisi aliniita. "Lew. Ndani ya droo usipake. Ukipaka umeziba harufu."

Alifariki asubuhi hiyo, tarehe 23 Mei 2019, saa nne na dakika kumi, nyumbani, mkono wake ukiwa mkononi mwa Noreen. Alikuwa na umri wa miaka sabini na saba.

Mkono wa tatu niliupaka peke yangu juzi Jumatatu. Birika sikuliweka motoni mpaka nilipomaliza. Shemeji, usiweke kikombe juu yake kabla ya Jumapili. Jumatatu Janine nami tutaipeleka, na ile ya magurudumu tutaitoa nje kabla hujaingia.

Athol ameacha mke, Noreen. Binti, Janine, na mumewe Craig. Wajukuu wawili, Tegan na Rhys. Na mdogo wake mmoja, ambaye safari hii amekaa.

Lala, kaka, mikono yako imemaliza kazi. Ndani sikupaka.