Mama Breki, Aliyeambiwa Ugonjwa Wake Ni Mwepesi

Marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Breki, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1974, mtoto wa kwanza wa fundi bomba na muuza vitambaa. Mimi ninayesoma ni mdogo wake wa mwisho.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu, kisha sekondari ya wasichana, akamaliza mwaka 1992. Baba alitaka awe karani. Yeye akaenda kujifunza kuendesha malori, na baba akamnunia mwaka mzima.

Kuanzia 1998 alifundisha udereva. Gari la mafunzo lilikuwa na breki ya pili upande wake, naye hakupenda kuigusa. Ndipo wanafunzi wakambandika jina hilo kwa utani. Siku moja mwanafunzi aligonga geti la chuo, akaanza kulia. Marehemu alishuka, akalipapasa geti, akarudi kwenye kiti. "Geti limepona," akasema. "Washa gari."

Mwaka 2001 aliolewa na mmoja wa wanafunzi hao, aliyefeli mtihani wa barabarani mara mbili. Shemeji hajawahi kukanusha kwamba alifeli makusudi. Walijaliwa mabinti wawili.

Februari 2023, akiwa kazini, alishikwa na maumivu makali chini ya chembe cha moyo, yakapenya hadi mgongoni. Hospitalini damu ilipopimwa ikaonekana kongosho limevimba. Daktari akamuuliza anakunywa pombe kiasi gani. Akajibu hajawahi hata kuionja. Akaulizwa tena, mbele ya binti yake, kama mtu anayeficha jambo. Maneno hayo yalitoka wodini yakafika mtaani, na wapo mliokaa hapa leo mlioyapokea mkayasambaza.

Picha ya tumbo ilionyesha vijiwe kwenye mfuko wa nyongo. Kimoja kilishuka, kikaziba njia, kongosho likavimba. Daktari aliupima ugonjwa, akasema ni wa daraja jepesi, kwa kuwa figo na mapafu vilikuwa vizima. Hapo hakukosea. Alikosea alipoona wepesi ule kuwa ndio mwisho wa habari. Maumivu yalipotulia, badala ya kuutoa mfuko ule kabla hajatoka wodini, walimruhusu aende nyumbani, aache mafuta na pombe. Alirudi mara kadhaa kuulizia upasuaji. Akaambiwa wapo wenye hali mbaya kuliko yeye.

Mwezi Mei ugonjwa ulirudi, na safari hii ulikuwa mkali. Figo ziligoma, mapafu yakajaa maji. Daktari bingwa wa upasuaji, mama ambaye hakuwa amemtibu kabla, alimketisha shemeji, akamwambia bila kuzunguka, "Mfuko huu ulipaswa kutolewa Februari. Nasikitika." Dada alifariki tarehe 3 Juni 2023.

Tulipokwenda kulalamika kwa mganga mkuu wa hospitali, alituambia ni mapenzi ya Mungu. Shemeji, ambaye tangu tumfahamu hajawahi kupandisha sauti, alimjibu, "Mungu hakumruhusu aende nyumbani. Mlimruhusu ninyi."

Basi isemwe hapa kaburini: dada yetu hakufa kwa pombe. Alikufa kwa vijiwe vilivyoonekana vikaachwa. Na wewe utakayelazwa kwa kongosho, usikubali kutoka wodini bila kuambiwa kilichosababisha, na lini kitaondolewa. Utawakera. Wakere.

Ameacha mama, mume, mabinti wawili, wadogo watatu, na madereva wasio na idadi. Yeye apumzike. Sisi hatupumziki mpaka tujibiwe.