Presha ya Mtoto Yapimwa Benchini

Benchi lenyewe ni mbao mbili juu ya matofali, nje ya kibanda cha kuchonga funguo, na kahawa yake ni chungu kuliko majibu ya barua za kuomba kazi. Wapo watatu wasiokosa hapo. Betri ni karani mstaafu, anayetembea na mashine ya kupimia presha kwapani kama wenzake wanavyotembea na redio. Wembe ni kinyozi wa mlango wa pili. Wateja humngoja yeye, si yeye kuwangoja wao. Na Digrii ndiye aliyesota chuo kikuu ili aje apate kiti cha kudumu juu ya tofali. Mwenye kibanda wanamwita Funguo, na asubuhi ile hakuwa na hamu ya kuchonga hata ufunguo wa kabati. Binti yake wa miaka tisa alikuwa amekaa kizingitini, kichwa kaegemeza mlangoni. Kabla ya saa sita mchana hospitali kuu ilitaka jibu moja: kesho mtoto analetwa, au nafasi yake apewe mwingine?

— Hebu rudia pole pole, Wembe alisema. Presha? Huyu huyu?

— Huyu huyu, Funguo akajibu. Mshipa unaopeleka damu kwenye figo ya kulia umebana. Figo ikipata damu kidogo, inadhani mwili mzima umeishiwa, basi inapiga kelele: ongezeni presha! Na mwili unatii. Anameza dawa aina tatu, presha haishuki. Sasa wanataka kupitisha waya kutoka pajani hadi kwenye mshipa, wautanue kwa puto dogo.

— Waya! Betri aliweka kikombe chini. Huyu ni mtoto au jenereta?

— Mimi nilishasema, Wembe akadakia. Ni misuko hiyo. Mnawavuta watoto nywele mpaka nyusi zinapanda juu. Damu ipite wapi?

— Mshipa uko kwenye figo, Wembe, Funguo alimkumbusha.

— Ngozi si ni moja, ndugu yangu? Vuta shuka huku, uone kama miguu haibaki nje kule.

Digrii alicheka kwa pua.

— Nyote hamjui kitu. The problem is structural, ni mfumo mzima. Mtoto wa darasa la tatu ana mitihani kila mwezi, anabeba begi zito kuliko la mhasibu. Anasomea nini? Aje akae hapa na mimi? Mwili wake umeshajua, umeamua kuanza presha mapema. That is planning, my friend.

— Halafu damu ni nzito kuliko maji, Betri akasema. Ndiyo maana haipiti. Mnyweshe maji mengi.

— Wahenga hawakuwa na maana hiyo, mzee, Digrii akamsahihisha.

— Wahenga hawakuwa na figo? Walikuwa nazo, tena mbili! Na mshika mawili moja humponyoka. Hiyo ya kulia ikitaka kuponyoka, iacheni iende zake.

Funguo hakucheka. Macho yake yalikuwa bado yanaiona siku ile binti alipoanguka degedege mezani, kijiko kingali mkononi. Lakini waya nao ulikuwa umemnyima usingizi. Kusema kweli, hakuja benchini kutafuta ushauri. Alitaka mtu mmoja tu, hata awe mjinga, amwambie: usimpeleke.

— Mlete hapa, Betri aliamuru. Tubishane na namba, tusibishane na midomo.

Mkanda uliozoea mkono mnene wa Betri ulimzunguka mtoto mara mbili na ncha bado ikapepea. Funguo akamkumbuka nesi wa kliniki alivyopekua droo akitafuta mkanda mdogo, akautupa wa kwanza, akasema mkanda ukiwa mkubwa mashine inadanganya, inashusha namba. Akakumbuka, akanyamaza. Mashine ikanguruma, ikatulia.

— Mia na kumi na nane kwa sabini na sita! Betri alisimama. Mimi mwenyewe sijawahi kuipata hiyo! Buheri wa afya!

— Case closed, Digrii akasema. Hao wa hospitali wana vifaa vipya, wanatafuta pa kuvijaribia. Maskini ndiye maabara.

— Na haraka haraka haina baraka, Wembe akamalizia. Mngoje akue, mshipa nao utakua.

Funguo akatoa simu. Ilikuwa inaita pale mama mtoto alipotokea, aproni ya jiko la shule bado kiunoni.

— Unampigia nani, baba watoto?

— Hospitali. Nawaambia hatuji. Wamempima hapa, mashine inasema ni mzima.

Mama hakuitazama mashine. Alimtazama binti, aliyefumba macho na kuukandamiza uso kwenye ubao wa mlango.

— Kama ni mzima, basi kichwa kinachomuuma ni cha nani?

Betri aliipindua mashine akaikagua chini. Wembe akanywa kutoka kikombe kisicho na kitu. Digrii, mwenye majibu ya lugha mbili, akainama kufunga kamba ya kiatu.

— Halo? Sauti ya mwanamke ilitoka kwenye simu. Wodi ya watoto hapa. Unasemaje, baba?

Funguo aliipeleka simu sikioni.

— Nilikuwa nauliza, dada… Kesho tunakuja. Ale kwanza, au tumlete hivyo hivyo?

— Asile chochote kuanzia alfajiri. Na wodini atabaki na nani?

— Na mimi, alisema Funguo, huku akiufungua mkanda mkononi mwa binti yake, mzunguko wa kwanza, kisha wa pili.