Bakuli Halirithiwi kwa Kukaa

Sogeeni, wanangu, na wewe Bawabu liache hilo lango lako uingie, maana ninayosema yanakuhusu. Huo uji urudisheni. Nimesema urudisheni! Chakula cha jiko lile sitakitia kinywani tena hadi nife, na kufa kwenyewe si mbali.

Najua mnachongoja: nani atarithi bakuli langu awe mkubwa wa nyumba hii ya watawa. Kwanza rithini hasira yangu.

Tulianza watawa wachache katika chumba kimoja juu ya karakana ya matairi, tukisoma maneno ya Buddha huku nyundo zikigonga chini yetu, na kila asubuhi tulishuka ngazi pekupeku, bakuli mkononi, tukasimama milangoni kimya bila kuomba, kama alivyofanya yeye aliyeacha jumba la kifalme akala cha kupewa. Aliyetaka alitia, asiyetaka tulimpita, na mwenye uchungu alitueleza. Mama Cherehani, mshonaji wa mtaa wa nyuma, alitutilia wali kabla hajawatilia wanawe, na mavazi haya mnayojivunia, ya kwanza aliyashona yeye.

Kisha tukakua. Wafadhili wakaja, ghorofa ikapanda, na wewe Mhandisi, mwanangu niliyekupenda kuliko wote, ukajenga jiko, ukawaambia wenzako wasihangaike tena barabarani, wapate muda wa kutafakari. Mimi nilikuwa kitandani, miguu imeniisha, nani aliniuliza?

Mnatafakari nini? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa! Mama Cherehani kafiwa na mumewe, akasimama mlangoni na sufuria yake asubuhi baada ya asubuhi, akingoja mtawa wa kumweleza, wapi! Akaja mpaka hapa, na wewe Bawabu ukamwambia, "Mama, siku hizi tuna wapishi, sadaka peleka ofisini." Akarudi na wali wake. Na haya nimeyasikia kwa mfua nguo, si kwenu. Hamna haya!

Mwacha asili ni mtumwa. Tuliacha mali makusudi, ili tumhitaji mshonaji, naye asione aibu kutuhitaji. Hiyo ndiyo kazi ya nyumba hii, na mkiitupa, kilichobaki ni hoteli ya wanaume wenye vipara.

Basi shikeni. Wapishi msiwafukuze, ila wapikie wagonjwa na wapita njia, sisi tutoke na bakuli zetu. Lango likae wazi. Na bakuli... nipeni maji... bakuli simpi mtu kwa elimu wala kwa umri. Atakayelibeba asubuhi hii hadi kwa Mama Cherehani, akasimama pale, akatukanwa ikibidi, akasikiliza hadi mama amalize, huyo ndiye mkubwa wenu. Asipopatikana, lichomeni pamoja nami, kisha mtawanyike.

Pumzi inakatika. Amani iwe kwenu, na kwa kila chenye uhai... hata Bawabu.

Nani huyo kainuka? Macho hayaoni. Ni wewe, Mhandisi? Lichukue. Ukingo umepasuka kidogo, usilishike huko. Haya, nenda...

Ngoja. Vua viatu kwanza, mwanangu.