Nadine Uwimana, Aliyerudi Kuhesabu Mawe

Ndugu waombolezaji, mama tunayemsindikiza leo, Nadine Uwimana, alizaliwa tarehe 14 Mei 1986 katika kata ya Nyakitonto, wilayani Kasulu, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa mzee Ndayiragije na mama Jeanne, ambao walivuka mpaka kutoka Burundi wakiwa watoto, mwaka 1972, na baadaye wakapewa uraia wa nchi hii.

Alisoma shule ya msingi kijijini kwao kuanzia mwaka 1994 hadi 2000, akaendelea na sekondari mjini Kasulu hadi mwaka 2004, kidato cha tano na cha sita akavisoma Tabora, na mwaka 2010 akahitimu shahada ya kwanza ya sayansi ya kompyuta Dar es Salaam, ambako wenzake walimtania kwamba Kiswahili chake kina milima, naye akawajibu kuwa ni kweli, na wao wangechoka kuipanda.

Januari 2011 alianza kufundisha kompyuta katika sekondari moja mjini Kibondo, na mwaka 2016 akaajiriwa na shirika moja linalohudumia kambi ya wakimbizi ya Nduta, kitengo cha takwimu, kazi aliyoifanya hadi alipokwenda masomoni.

Tarehe 28 Desemba 2013 alifunga ndoa hapa Busunzu na Fidele Nkunzimana, mwalimu wa hisabati, wakajaliwa watoto wawili, Irakoze, aliyezaliwa mwaka 2015, na Jeanne, mwenye jina la bibi yake, aliyezaliwa mwaka 2018.

Oktoba 2022 alianza masomo ya uzamili Dodoma, akijikita katika upimaji wa utendaji wa mifumo ya kompyuta, yaani elimu ya kujua mfumo unafanya kazi kwa kasi gani, unaelemewa wapi, na anayeuhitaji anangoja muda gani. Mama mkwe wake alipomuuliza anasomea nini hasa, alisema anasomea foleni, naye akaambiwa kwamba foleni haina shule, mtu anasimama tu.

Kwa utafiti wake aliuchagua ushirika wa wakulima wa Tujikaze, hapa hapa Busunzu, ambako anayechukua mbolea huhakikiwa kwa alama ya kidole kwenye kompyuta. Novemba 2023, wakati kompyuta hiyo ilikuwa moja tu, alipima kwa wiki tatu, akapata kwamba tangu mkulima ajiunge na watu waliosimama hadi aondoke na mfuko wake zilipita dakika nne kwa wastani, na mara nyingi waliosimama hawakuzidi wawili. Msimamizi wake aliridhika, na kamati ya ushirika, kwa kuyategemea matokeo hayo, ikaahirisha kununua mashine nyingine.

Aprili 2024 aligundulika kuwa na saratani ya mlango wa kizazi, akaanza matibabu Mwanza. Oktoba mwaka huo, akiwa amepata nafuu, na utetezi wa tasnifu yake ukiwa umepangwa tarehe 18 Novemba, alikuja kuwasomea wanachama matokeo, na alipotaja dakika nne akina mama walicheka, kisha bibi mmoja, ambaye leo yupo nasi, akamwambia, "Mwanangu, watu umewahesabu, mbona mawe yetu uliyaruka?"

Mawe hayo sote tunayajua, maana kwetu anayetoka mbali huja alfajiri, akaweka jiwe lake kwenye mstari, akaenda kutafuta kibarua au kukaa kivulini, akarudi kusimama zamu yake inapokaribia. Nadine alikulia katika desturi hiyo, utotoni alimwekea mama yake jiwe kisimani, lakini kwa wiki tatu alipita kando ya mstari ule kila asubuhi, akakaa mezani, akaanza kuhesabu pale mtu aliposimama, si pale alipoanza kungoja.

Mume wake alimsihi atetee kwanza, asahihishe baadaye, kwa hoja kwamba ugonjwa haumsubiri mtu, na kwamba kosa lile hakuna mtahini ambaye angeliona. Alimjibu, "Baba Irakoze, mtahini hataliona, ila yule bibi ameliona," na siku hiyo hiyo akamwandikia msimamizi kuiondoa tasnifu. Siku mbili hawakusemezana, na jambo hili linasomwa hapa kwa sababu mume wake ametaka lisomwe.

Alipima upya Novemba na Desemba 2024, katikati ya matibabu, akiwa kwenye kiti cha plastiki tangu saa kumi na moja alfajiri, akiandika namba kwa chaki juu ya kila jiwe na saa lilipowekwa. Wastani wa kungoja ulikuwa saa tano na dakika ishirini. Februari 2025 kamati ilinunua mashine mbili zaidi.

Machi ugonjwa ulirudi, ukaingia kwenye ini, tasnifu mpya akaikabidhi tarehe 6 Juni, utetezi ukapangwa tarehe 11 Agosti, na Jumapili ya tarehe 27 Julai 2025, saa saba mchana, akafariki dunia nyumbani kwake Kibondo, akiwa na umri wa miaka 39.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kibondo na Mwanza, msimamizi wake aliyesafiri kutoka Dodoma, wafanyakazi wenzake, wanachama wa Tujikaze, na jirani yetu mama Mwanahawa, aliyefunga duka lake siku tisa ili amwogeshe na kumpikia uji.

Mwisho, katika tangazo la msiba lililosambazwa imeandikwa kwamba marehemu alikuwa na shahada ya uzamili. Familia inaomba isahihishwe, kwa kuwa hakuipata, Oktoba ile ilikuwa imebaki mwezi mmoja aitetee tasnifu ya kwanza, akaiondoa akijua anachokiacha.

Ulikuwa sahihi, mama Irakoze. Pumzika kwa amani.